Njia ya Maji Jangwani

Mto Msimbazi, ambao chimbuko lake ni vilima vya Pugu, na ambao baada ya kupita Vingunguti, Tabata na Kigogo humwaga maji yake baharini penye daraja la Selander, ni mto ambao wakati wa kiangazi mtu huuvuka kwa kukunja suruali tu, na masika ikiingia hautambui mpaka wowote uliowekewa na wanadamu.

Wapimaji wa Dar es Salaam walilijua hilo zamani. Mikoko ya mlangoni pake ilihifadhiwa tangu enzi ya wakoloni, na Mpango Mkuu wa mwaka 1979 ukalihesabu bonde kuwa ardhi ya hatari, isiyofaa maskani. Walakini mji uliokuwa na watu 272,821 katika hesabu ya 1967 ulipata kupita milioni nne mwaka 2012, na wengi wao, madhali kiwanja kilichopimwa kilikuwa ghali na riziki ilikuwa Kariakoo, waliteremka bondeni, Mkwajuni, Suna na Hananasifu, wakajaza kifusi na taka chini ya msingi, wakainua vizingiti hata vikafika magotini, ikawa mgeni hupanda kwanza mlangoni ndipo ateremke ukumbini.

Sheria ya Mazingira ya 2004 ilipokataza shughuli za watu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, nyumba zilikuwa zimekwisha simama. Desemba 2011 ikaja gharika iliyoua watu zaidi ya 40. Waliosalimika wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao, na baadhi yao wakarejea. Desemba 2015 zikaja alama za X nyekundu ukutani, na nyuma yake tingatinga.

Taksiri, kwa rai yangu, haikuwa ya mafukara peke yao, kwani karakana ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza safari mwaka 2016, ilijengwa papo hapo bondeni, mahali paitwapo Jangwani, ikafurika kama vibanda vilivyobomolewa. (Wapenzi wa Yanga, ambao kiwanja chao cha Kaunda kimemezwa na tope mara nyingi, hawakustaajabu.)

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 ili daraja la Jangwani liinuliwe, karakana ihamishwe, na bonde la chini liwe bustani. Hata hivyo, miaka yote hiyo, kila masika ikipita, mchanga ulioziba chini ya daraja huzolewa kwa mitambo, na aghalabu hulundikwa palepale ukingoni.