Rutuba Isiyotoka Zizini

Mwambie mkulima kwamba shamba laweza kulimwa miaka nenda rudi bila samadi wala mbolea ya dukani, naye atakuuliza: rutuba itatoka wapi? Swali lake ni la haki. Nayaweka hapa majibu mawili, moja la Mbinga mkoani Ruvuma, jingine la Oxfordshire, Uingereza.

Wamatengo walibanwa milimani katika karne ya 19 na uvamizi wa Wangoni, na kwenye miteremko ile mikali wakaishi kwa kilimo cha ngolo. Mvua zikikaribia kwisha, mnamo Machi, wanaume hufyeka nyasi ndefu za shamba lililopumzishwa, huziacha zikauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima ukajaa miraba. Wanawake hushika jembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Katikati hubaki shimo, kandokando huinuka tuta, na juu ya tuta hupandwa maharage, huku nyasi zikioza chini ya mizizi yake. Mvua ikipiga, maji hayaporomoki bondeni na udongo. Hutuama shimoni, na magugu yanayopaliliwa hutupwa humo humo. Mahindi hufuata katika mvua za msimu mwingine. Wamatengo hufuga pia, lakini tuta la ngolo hulishwa kwa nyasi.

Huko Oxfordshire, shamba la mboga la Iain Tolhurst lilipata mwaka 2004 alama ya kilimo hai kisichotumia chochote kitokacho kwa mifugo, la kwanza kuipata. Yeye hupanda kloveri na mikunde mingine, huifyeka na kuiacha pale pale ioze, na mboga huingia baadaye kwa mzunguko wa miaka kadhaa. Vipande vya matawi navyo huozeshwa kuwa mboji. Mboga huuzwa kwa makasha kwa watu wa miji ya jirani.

Wawili hawa hawakuigana, ila wamekutana kwenye gharama moja. Samadi ni nyasi za mahali pengine zilizopitia tumboni mwa mnyama. Ukiiacha, nyasi au mikunde lazima iote kwenye kipande cha shamba lako mwenyewe, na kipande hicho hakitakupa chakula msimu huo. Kilimo hiki hulipiwa kwa ardhi na kwa muda.

Hapo ndipo haki inapoingia, na ndipo watetezi wengi wa kilimo kisicho na mifugo wanaponiacha njiani. Kwenye kihamba, shamba la migomba la Wachagga, ng'ombe wa zizini hula majani ambayo mara nyingi mwanamke ameyabeba kichwani kutoka tambarare. Kumwondoa ng'ombe kungemwondolea mnyama kifungo na mama mzigo. Nalitamani hilo kwa moyo wote. Lakini asiyesema migomba italishwa nini, na maziwa ya watoto yatafidiwa na nini, amemwongezea mama huyo hasara. Ngolo nayo tusiisifu kwa kuokoa udongo tukanyamazia migongo ya wanawake inayoinamia kila shimo.

Mbinga, familia zimeongezeka, na kahawa imechukua sehemu ya ardhi. Shamba lisipopumzika vya kutosha, nyasi huwa fupi, na tuta hupata kidogo cha kuozesha. Ufundi haujapotea, nafasi ya kuutumia ndiyo inayobanwa. Serikali ya Tanzania ilirejesha ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/23, nayo humfuata anayenunua mfuko. Familia inayoacha sehemu ya shamba lake chini ya mikunde inatengeneza mbolea vilevile, na msimu huo inakosa mahindi. Nayo ilipwe ruzuku, kwa eneo ililolipumzisha, na fedha zipitie mkononi mwa yule anayeshika jembe.