Wanawake Waliohukumiwa Kifo katika Mji wa Edinburgh

Matembezi ya kihistoria katika mitaa ya kale ya Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, huunganisha sehemu mbili zilizo jirani: Castlehill, kilima kilicho mbele ya ngome ya wafalme, ambako waliohukumiwa kwa uchawi walichomwa moto, na Grassmarket, palipokuwa soko la mifugo, ambako watu walinyongwa hadharani hadi mwaka 1784. Anayezitembelea zote mbili hukutana na sheria mbili zilizowaangamiza wanawake.

Ya kwanza, iliyotungwa mwaka 1563 na kufutwa 1736, iliufanya uchawi kuwa kosa la kifo, na miongoni mwa maelfu walioshtakiwa, zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wanawake. Agnes Sampson, mkunga na mganga, alihojiwa na Mfalme James wa Sita mwenyewe, aliyeamini kwamba dhoruba zilizoikumba safari ya kumleta mkewe kutoka Denmark zilitokana na uchawi. Baada ya kuteswa alikiri, na Januari 1591 alinyongwa, kisha maiti yake ikateketezwa. Euphame MacCalzean, ingawa alikuwa binti wa jaji, alichomwa akiwa hai Juni mwaka huohuo, na kati ya mashtaka yake lilikuwamo la kutafuta njia ya kupunguza uchungu wa kuzaa.

Sheria ya pili, ya mwaka 1690, ilimhesabu kuwa muuaji mwanamke yeyote aliyeficha mimba na kujifungua bila kuita msaada, iwapo mtoto alikutwa amekufa au hakuonekana, hata kama hapakuwa na ushahidi wa mauaji. Kwa sheria hiyo Maggie Dickson alinyongwa Grassmarket mwaka 1724, lakini akazinduka jenezani njiani kuelekea mji wa Musselburgh, akaachwa aishi kwa kuwa adhabu ilikwisha kutekelezwa.

Kibao kilichowekwa Castlehill kuwakumbuka waliochomwa bado kinadai kwamba baadhi yao waliutumia ujuzi wao kwa uovu. Mwaka 2022 Waziri Kiongozi wa Uskoti, Nicola Sturgeon, aliomba radhi rasmi, ingawa radhi hiyo haikufuta hukumu. Kwa hiyo mwongoza matembezi anayesimulia hadithi za mizimu tu huwadhulumu wanawake hao mara ya pili. Haki yao ni kutajwa majina, pamoja na sheria, mahakama na watawala waliowaua.