Ganesh Chaturthi nyumbani

Ganesh Chaturthi ni sikukuu ya Wahindu ya kumwadhimisha Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo. Huangukia Agosti au Septemba. Mwanaharakati wa uhuru Bal Gangadhar Tilak aliifanya ya hadhara mwaka 1893, lakini huko Maharashtra, India, utamu wake umo majumbani. Sanamu ya udongo huombewa ipate uhai, kisha Ganesha hukirimiwa kama mgeni wa heshima: taa, nyimbo, nyasi za durva na modak 21, vitafunio vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi na sukari guru, vikapikwa kwa mvuke. Usiku wa siku ya kwanza mwezi hautazamwi. Baada ya siku moja na nusu, au hata kumi, sanamu huzamishwa majini. Zile za plasta huchafua mito, hivyo baadhi ya familia huzamisha ya udongo ndooni.