Chenga za Kivulini

Picha za kale za Buha nilizobahatika kuziona karibu zote zimepigwa uani. Watu wamesimama chini ya mti, macho wameyafinya kwa jua. Ndani ya msonge, mlimosongwa ugali na kuuguzwa wagonjwa, sijaona hata moja. Akina bibi wa zama za Mwami Theresa Ntare wa Heru wamepita bila picha ya jikoni kwao. Wapo wasemao kuwa wazee waliona haya. Mimi naona sababu kubwa ni mwanga.

Msonge una mlango mmoja. Huku Heru Juu, jua la kiangazi likiwaka nje, tofauti kati ya ua na mafiga huzidi uwezo wa filamu za kawaida. Jicho huzoea vyote viwili. Kamera hulazimika kuchagua. Ukipimia mlango, bibi aliyeketi motoni anageuka kaa. Ukimpimia bibi, mlango unakuwa shimo jeupe.

Wengine walihangaika na jambo hilo kabla yetu. Miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipopiga picha za bahari, mbingu zilitoka nyeupe tupu. Akatumia negativu mbili, ya mawingu na ya maji, akaziunganisha kwenye upeo. Karne moja baadaye Mmarekani Charles Wyckoff alibuni filamu ya tabaka tatu, kila moja na wepesi wake wa kunasa mwanga, ili kupiga picha za milipuko ya nyuklia. (Bomu lilifikiriwa kabla ya jiko!) Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wakaonyesha namna kompyuta inavyoweza kuunganisha picha kadhaa za mahali pamoja, zilizopigwa kwa muda tofauti.

Vijana huniambia, "Mzee, piga moja tu, kivuli tutakiangaza kwenye kompyuta." Kweli kinaangazika, lakini pamoja na chenga, kama za televisheni isiyoshika stesheni. Chanzo ni mwanga wenyewe. Huja kwa chembe, nazo hudondoka ovyo kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Mahali palipopokea chembe 10,000, mtikisiko wake ni kama 100, yaani asilimia 1. Palipopokea 100, mtikisiko ni 10, yaani asilimia 10. Kompyuta haiwezi kurudisha chembe ambazo hazikuingia. Kivuli sharti kipewe muda wake.

Simu za siku hizi hupiga picha nyingi fupi na kuchukua wastani: picha 4 hupunguza chenga hadi nusu, 16 hadi robo. Mimi nilitumia njia ya zamani jikoni kwa shangazi yangu. Kamera juu ya miguu mitatu, picha tano, kila moja ikipewa mwanga mara nne ya iliyotangulia. Mlango niliupata katika ya kwanza, masizi ya darini katika ya tano, iliyochukua sekunde 2. Lakini mtu hai hatulii kama bahari ya Le Gray. Ukichanganya zote, mkono unaotia kuni unatokea mara mbili. Kwa hiyo uso na mikono niliviacha vya picha moja, pamoja na chenga zake chache.

Nilipompelekea, shangazi hakujitazama. Aliuliza kama chungu cha marehemu mama yake, kule nyuma ya kuni, kimetokea. Kimetokea, na ufa wake.