Breki za ndege
Breki za ndege ni vifaa vinavyopunguza mwendo wa ndege na kuisimamisha baada ya kutua.

Ndege kubwa za abiria hutumia breki za magurudumu pamoja na msukumo wa injini uliogeuzwa kuelekea mbele. Vibao vinavyoinuka juu ya mabawa hupunguza nguvu ya kuinua, hivyo uzito wa ndege huyaelemea magurudumu na breki hushika vizuri zaidi.

Njia ya kutua ikiwa na maji, matairi huweza kuteleza na umbali wa kusimama huongezeka. Tarehe 2 Agosti 2005 ndege ya Air France aina ya Airbus A340 ilitua Toronto, Kanada, wakati wa mvua kubwa. Iligusa ardhi mbali na mwanzo wa njia, na marubani walichelewa kugeuza msukumo wa injini. Ilipita mwisho wa njia ikateketea, lakini watu wote 309 waliokuwemo walinusurika.