Raia na Mwananchi: Historia Fupi ya Maneno ya Utawala katika Kiswahili

Mwalimu afundishaye historia au mambo ya utawala kwa Kiswahili hutumia kila siku maneno kama serikali, dola, siasa, raia, ushuru na uchumi. Aghalabu huyatumia kana kwamba maana zake zilikuwa hivi zilivyo tangu mwanzo. Jambo hilo halina madhara makubwa maadamu mazungumzo ni ya mambo ya leo. Lakini mara aingiapo katika barua, mikataba na habari za karne ya 19, hupotea njia bila ya kujua, kwa sababu neno alionalo ni lile lile alilolizoea, na maana iliyomo si ile.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya maneno machache ya namna hiyo. Hoja yenyewe ni kwamba mengi katika maneno yetu ya utawala yalifika pwani yakiwa maneno ya mtawala, yenye kuwataja watu kama vitu vya kuchungwa na kutozwa. Nao wasemaji wa Kiswahili hawakuyatupa, bali waliyatia maana mpya. Neno raia ndilo mfano ulio wazi kuliko yote, na ndilo litakaloshughulikiwa kwa urefu zaidi.

Tuanze na serikali. Asili yake ni Kiajemi, sarkar, neno lililoundwa kwa sar, yaani kichwa, na kar, yaani kazi: aliye kichwa cha kazi, msimamizi. Katika Bara Hindi, zama za wafalme wa Mughal, lilikuwa pia jina la sehemu ya nchi iliyowekwa chini ya msimamizi mmoja, na hatimaye likawa jina la utawala wenyewe. Unguja lilitumika kwa utawala wa Sultani, kisha kwa tawala za Wazungu, na kutoka Kiswahili likaingia katika lugha za bara. Wakikuyu, kwa mfano, wanalo kwa umbo la thirikari. Katika safari hiyo yote neno lilimtaja yule anayeamuru. Halikuwa na dalili yoyote ya wale wanaoamriwa.

Dola nalo ni la Kiarabu, na shina lake lina maana ya kuzunguka au kupokezana zamu. Ukoo wa Abbas ulipotwaa ukhalifa mwaka 750, neno hilo lilitumika kwa zamu yao ya kutawala. Baadaye likawa na maana ya nasaba ya watawala, na mwisho nchi pamoja na mamlaka yake. Msomaji asilichanganye na dola ya fedha, ambayo asili yake ni jina la sarafu ya Kijerumani, thaler. Maneno hayo mawili yamekutana kwa sauti tu.

Siasa lina historia ya ajabu zaidi. Katika Kiarabu shina lake lahusu kutunza wanyama, hasa farasi, na baadaye kuongoza watu. Kutokana na shina hilo hilo Kiswahili kilipata neno saisi, mtunza farasi, na wasemaji wengi hawajui kwamba saisi na siasa ni ndugu. Kamusi za zamani za Kiswahili hazikulieleza siasa kama ushindani wa kutafuta madaraka. Zililieleza kwa upole, utaratibu na uangalifu. Mtu aliweza kuambiwa aseme na mgonjwa kwa siasa, au amwonye kijana kwa siasa. Maana ya leo ilishika nguvu wakati wa kudai uhuru, na ile ya zamani imebaki kwa wazee na kwa washairi.

Sasa tufike kwenye raia. Neno la Kiarabu ra'iyya latokana na kuchunga. Mchungaji ni ra'i, na kundi lake ndilo ra'iyya. Mfano huo wa mtawala kuwa mchungaji ni wa kale sana, na wamo ndani yake wajibu wa pande mbili: kundi hutii, na mchungaji huulizwa juu ya kundi lake. Katika dola ya Waturuki wa Uthmani, reaya walikuwa watu wa kawaida waliolipa kodi, mbali na askeri, yaani watu wa jeshi na wa utawala ambao hawakutozwa. Katika Bara Hindi umbo la raiyat lilikuwa na maana ya mkulima. Na mwanzoni mwa karne ya 19, katika jimbo la Madras, Thomas Munro aliweka mpango wa kumtoza kodi ya ardhi kila mkulima peke yake, mpango uliopewa jina kutokana na neno hilo hilo. Basi pande zote mbili zilizopakana na bahari yetu raia alikuwa mtu wa kutozwa kodi.

Unguja neno hili lilikuwa na maana ya mtu aliye chini ya mkono wa mtawala fulani. Swali la kuuliza juu ya raia halikuwa ana haki gani, bali ni wa nani. Nalo swali hilo halikuwa la maneno matupu. Mwaka 1860 Christopher Rigby, balozi wa Uingereza huko Unguja, alishikilia kwamba Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza hawakuruhusiwa kumiliki watumwa, akawalazimisha kuwaacha huru. Maelfu ya watu walipewa uhuru kwa njia hiyo. Mfanyabiashara wa Kihindi aliyehesabiwa kuwa raia wa Sultani angeweza kuendelea na watumwa wake. Jirani yake, aliyehesabiwa kuwa raia wa Uingereza, hakuweza. Kwa mtumwa mwenyewe, ambaye hakuwa na neno katika shauri hilo, uhuru wake ulitegemea bwana wake aliandikwa katika daftari la nani.

Mtu akizisoma habari hizo kwa maana ya leo ya raia, atadhani kwamba wafanyabiashara hao walikuwa na sauti katika serikali ya London. Hawakuwa nayo. Walikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa na amri juu yao.

Maneno ya mali na kodi yalifuata njia hiyo hiyo. Ushuru watokana na Kiarabu 'ushr, yaani fungu la kumi. Lakini mkataba uliofanywa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, na ule wa 1839 baina yake na Uingereza, iliweka ushuru wa bidhaa za wageni kuwa asilimia 5. Basi fungu la kumi likawa fungu la ishirini, na jina halikubadilika. Mwanahistoria anayekisia kiasi cha ushuru kwa kutazama asili ya neno atakosea kwa nusu nzima.

Uchumi, kinyume cha hayo, ni neno la Kibantu lililotoka kwa watu wenyewe. Kuchuma ni kutwaa matunda mtini. Na kutoka hapo likaja chumo, yaani pato, na uchumi. Wagiriki walipotafuta neno la jambo hili walilitoa katika usimamizi wa nyumba. Waswahili walilitoa shambani. Ni tofauti yenye kufikirisha, kwa kuwa katika neno uchumi yumo mtu anayenyoosha mkono na kupata, lakini hayumo anayegawa. Yawezekana ndiyo sababu, maandishi ya Julius Nyerere ya mwaka 1962 na Azimio la Arusha la 1967 yalipotaka kusema juu ya kugawana, yalihitaji neno jingine, ujamaa, lililotoka katika nyumba na ukoo.

Kabla ya kurudi kwa raia, yafaa kuonya kwamba asili ya neno haitoshi kutupa maana yake. Neno dustur, ambalo Waarabu walilipata kwa Waajemi, kwao lina maana ya sheria kuu ya nchi; katiba ya Misri ya mwaka 1923 iliitwa hivyo. Neno hilo hilo kwetu ni desturi, mazoea ambayo hakuna aliyeyaandika. Kwa sheria kuu Kiswahili kilichukua katiba, kutoka katika shina la kuandika. Neno moja limegawanyika, likawa na maana mbili zinazokaribia kupingana, na kila moja ni sahihi mahali pake.

Raia alibadilika hasa wakati wa kupata uhuru. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na kwa hiyo wenyeji wake katika sheria ya Uingereza walikuwa watu wenye kulindwa tu. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Wako wajumbe waliotaka uraia ufuate rangi. Nyerere alipinga kwa ukali, akasema kwamba yeye na serikali yake wako tayari kujiuzulu kuliko kukubali jambo hilo. Muswada ulipita. Neno lililokuwa la kundi na mchungaji likawa tangu hapo jina la haki, na haki hiyo haikupimwa kwa rangi ya ngozi.

Waarabu wa zama hizi, walipotaka jina la mtu mwenye haki katika nchi yake, waliliacha kando neno ra'iyya wakaunda muwatin, kutokana na watan, yaani nchi ya mtu. Kiswahili nacho kiliunda neno linalofanana na hilo, mwananchi, lakini hakikumwacha raia. Tukabaki na maneno mawili: raia kwa sheria, na mwananchi kwa moyo na kwa mazoea. Mara nyingi maneno hayo humwangukia mtu mmoja. Pale yasipomwangukia mmoja, watu huteseka.

Wamakonde waliofika Kenya kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani waliishi huko kwa vizazi, wakazaa na kuzika. Walikuwa wananchi kwa kila kipimo cha jirani zao, lakini hawakuwa raia mpaka walipotembea kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai haki hiyo, wakaanza kupewa vitambulisho mwaka 2017. Vivyo hivyo, Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walilima na kulisha masoko ya nchi kwa muda wa miaka karibu 40 kabla ya 162,000 hivi kati yao kukubaliwa uraia. Watoto waliozaliwa huko hawakuijua nchi nyingine. Neno mwananchi liliwatosha kijijini, lakini halikuwatosha mbele ya karani.

Kwa hiyo watungaji wa kamusi wana kazi mbili. Ya kwanza ni kuandika maana za maneno haya kwa mfuatano wa wakati, ili msomaji wa barua ya 1860 ajue raia wa wakati ule alikuwa nani. Ya pili ni kutolieleza raia kwa mwananchi, wala mwananchi kwa raia, kana kwamba ni kitu kimoja. Kamusi ikifanya hivyo huficha nafasi iliyopo baina ya maneno hayo, na katika nafasi hiyo wamo watu.