Mwiko, Mashine na Vumbi la Jasi

Katika mwaka 1894 Mmarekani aitwaye Augustine Sackett alipewa hataza ya ubao uliotengenezwa kwa kupanga tabaka za karatasi na jasi, na kwa ubunifu huo akawapunguzia wajenzi wa nchi yake taabu ya kungoja, ambayo waashi wa kila bara walikwisha kuizoea tangu enzi na enzi. Maana lipu ya kwao ilipigwa juu ya fito za mbao, tabaka juu ya tabaka, aghalabu tatu, na kila moja ilitaka muda wake wa kukauka, ilhali ubao wa jasi hupigiliwa misumari asubuhi, na kabla ya magharibi chumba kimekwisha kupata kuta. Kampuni ya United States Gypsum iliinunua biashara ya Sackett mwaka 1909, na mwaka 1917 ikautia sokoni ubao wa namna hiyo kwa jina la Sheetrock. Walakini wengi waliuona kuwa ni kitu duni, wala haukuenea sana mpaka Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, askari wakarejea makwao wakitaka nyumba, na wajenzi kama akina Levitt, walioanza kujenga mji wa Levittown karibu na New York mwaka 1947, wakakata shauri kwamba hawana nafasi ya kungojea lipu ikauke.

Lakini ubao una maungio, na hapo mkono wa fundi, uliodhaniwa kuwa umekwisha kazi, ulirudi tena. Kingo za mbao hizo hupunguzwa unene kwa makusudi, hata mbili zikikutana hufanya bonde jembamba ambamo utepe wa karatasi hulala bila ya kutokeza: fundi hupaka rojo la jasi, hulaza utepe, huukandamiza kwa bapa la chuma mpaka rojo la ziada litoke pembeni, hungoja, hupaka tena kwa bapa pana zaidi, hungoja, hupaka mara ya tatu, na mwisho hupiga msasa. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya Robert Ames abuni bomba refu la chuma ambalo mafundi walilibandika jina la bazooka, kwa kulifananisha na silaha ya vita: ndani limejaa rojo, kichwani lina magurudumu, na likisukumwa ukutani hutoa utepe uliokwisha kupakwa, kisha kisu kilichomo humo humo huukata. Halina umeme wala injini. Nguvu yake ni ya mikono ya anayelisukuma. Kwa miaka mingi ala hizo hazikuuzwa bali zilikodishwa, basi aliyekuwa na vyumba mia alipata faida, na aliyekuwa na chumba kimoja alibaki na mwiko wake, na kwa hakika hesabu ya ijara ndiyo iliyoamua jambo hili kuliko mapenzi ya sanaa.

Wako wanaosema kwamba mashine huua ustadi. Mimi siyapi uzito maneno hayo, kwani ukuta wa jasi si zidaka za Lamu, ambamo alama ya mkono wa fundi ndiyo kazi yenyewe. Ukuta wa jasi husifiwa pale macho yasipoona kitu chochote, na rangi ikishapakwa hapana awezaye kujua kama utepe ulilazwa kwa bapa au kwa bomba.

Linalostahili kubishaniwa ni msasa. Kwa miaka mingi rojo la maungio lilichanganywa na asbesto, na fundi aliyesugua ukuta mkavu alivuta pumzi yake na asbesto ndani yake, siku baada ya siku, pasipo kuambiwa neno. Mwaka 1975 Irving Selikoff na wenzake wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walitangaza waliyoyapima katika vumbi hilo, na mwaka 1977 serikali ya Marekani ikapiga marufuku rojo la namna hiyo. Hata hivyo vumbi lisilo na asbesto nalo si la kupuuzwa, kwa kuwa aghalabu lina ulanga na chembe za silika. Mwaka 1999 taasisi ya nchi hiyo inayochunguza afya kazini ilieleza kwamba misasa iliyofungwa bomba la kufyonza hupunguza vumbi hilo kwa asilimia 80 hadi 97.

Kwetu sisi, ambako jasi imeingia zaidi kwa njia ya dari, fundi husimama juu ya jukwaa akisugua juu ya kichwa chake mwenyewe, vumbi likimshukia machoni, na kinga yake mara nyingi ni kitambaa alichojifunga usoni, ambacho hakizuii chembe laini. Mwachie mwiko wake kwa utepe na rojo, kwani kwa dari ya chumba kimoja unatosha na kuzidi. Lakini kwa msasa, ewe mwenye nyumba, mtafutie mashine yenye kufyonza, au umkubalie asugue kwa sifongo lenye maji ijapokuwa kazi itachelewa, na gharama yake uitie katika mapatano tangu siku ya kwanza.